Fundi Saa na Dakika za Kushtuka

Jumamosi ile duka la filamu za zamani lilijaa mpaka watu wakawa wanapita kiubavu. Msusi, ndani ya gauni la njano lililomkaa barabara, aliikamata diski ya mwisho kwenye rafu ya filamu za taharuki. Mkono mwingine ukaikamata upande wa pili.

"Nimeiona mimi kwanza, kaka."

"Umeiona, dada yangu. Mimi nimeishika."

"Shika basi. Na mimi siachii. Tutahamia humu humu?"

Kijana akacheka. Alikuwa fundi saa wa mtaa wa pili, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, vidole virefu vya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo.

"Unaziweza kweli hizi?" Msusi akamchokoza. "Wa mwisho kutoka na mimi alikuwa anafumba macho. Nilimcheka mpaka akanisusa."

Fundi akameza mate. "Mimi? Sijawahi kushtuka."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili mchana walikaa sebuleni kwa mama yake Msusi, pazia limefungwa, wakaangalia zile kongwe zenye sifa: ya treni isiyosimama, ya mwenye nyumba anayepanda ngazi bila viatu. Msusi alipiga kelele, mama akapiga kelele kutokea jikoni bila hata kuona, Fundi akatulia tuli. Msusi akampenda hadi akajishangaa.

"Malaika wangu," Fundi alikuwa akipiga simu kila Jumatatu, "Jumapili tunaangalia ipi?"

"Una haraka gani wewe?"

"Hamu tu, mpenzi."

Ila Alhamisi jioni simu yake ilikuwa haipatikani. Kila Alhamisi.

Jumapili moja, mwenye nyumba wa kwenye filamu alikuwa bado hajalifikia kabati, Fundi akaangalia saa yake, akaushika mkono wa Msusi, akanong'ona, "Sasa." Kabati likafunguka. Msusi akasimamisha filamu.

"Umeshaiona hii."

"Mimi?"

"Umeiona Alhamisi, simu umezima. Mtu hazimi simu akiwa peke yake. Ni nani?"

Fundi akainama. Masikio yalimwiva kwa aibu. "Siwezi kusema."

"Basi viatu vyako viko mlangoni."

Wiki ile Msusi hakupokea simu yake hata moja. Alisuka kwa hasira mpaka mteja mmoja akalalamika, "Dada, nywele zangu zimekukosea nini?" Usiku hakula. Alimtaka yule mtu, na alimchukia kwa kumtaka.

"Nenda kamjue huyo mwanamke," mama akamwambia. "Kama ni kulia, ulie ukijua."

Alhamisi akavaa miwani nyeusi, akajifunga mtandio wa mama yake, akamfuata Fundi kwa nyuma. Mtaa mzima ukamsalimia: "Msusi, vipi, macho yanauma?" Bahati yake, Fundi hakugeuka. Akapanda ghorofa ya tatu, akaingia. Msusi akasimama nje ya mlango, akatega sikio. Mara ndani kukasikika yowe. La mwanamume.

Akagonga kwa ngumi mbili. Mwanamke aliyefungua alikuwa na paji la uso lile lile la Fundi.

"Ndiye wewe! Mimi dada yake. Ingia, wifi, mchukue mtu wako. Kila siku yangu ya mapumziko anakuja kunirarulia mito!"

Fundi alikuwa kwenye kochi, amekumbatia mto, jasho linamtoka. Magotini kulikuwa na daftari. Msusi akalinyakua. *Dakika ya 12, ngazi. Dakika ya 19, simu inalia. Dakika ya 41, kabati: shika mkono wa mpenzi.*

"Miezi mitatu," dada mtu akasema. "Tangu utoto hata paka akiruka anakimbia huyu."

Msusi akacheka mpaka akakaa chini, kisha machozi yakamtoka kweli kweli.

"Kwa nini hukuniambia, jamani?"

"Yule wa kabla yangu ulimcheka akaondoka. Mimi sikutaka kuondoka."

"Nilimcheka kwa sababu sikumpenda! Wewe nakupenda, mjinga wewe. Nimekonda kwa ajili yako."

Fundi akauweka mto pembeni. Nyuma yake filamu iliendelea, mtu anatembea gizani.

"Nikikuoa," akasema, "utaniacha nifumbe macho?"

"Fumba. Nitakuambia la kutisha likipita."

"Hilo si jibu, wifi!" dada mtu akapaza sauti. "Sema haraka, anakaribia kufungua mlango huyo!"

"Ndiyo! Ndiyo, nioe!"

Fundi akapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Mlango wa kwenye filamu ulikuwa bado haujafunguka.