Aliyepokea Kilio

Mifereji ya mtaa wa Jamhuri ilikuwa imekauka tangu Jumatatu na watu walikuwa wakioga kwa kikombe, kwa hiyo Rachael alipoamka asubuhi ile akakanyaga maji mlangoni mwa chumba cha kulala, hakuogopa. Alikasirika. Alidhani mumewe amemwaga yale ya akiba. Akachukua tambara, akainama kupangusa, na tambara likageuka jekundu. Haikuwa damu. Ulikuwa udongo, ule udongo mwekundu wa Vihiga unaoganda kwenye viatu mpaka uukwangue kwa kisu. Na huko Vihiga hawakuwa wametia mguu tangu wamzike Mama Peres, mamake mumewe Joash, mwezi uliopita.

"Joash, umetembea na viatu kwa nyumba?"

"Viatu gani, na si bado niko kwa bed?" Joash alijibu kwa sauti ya usingizi. "Wacha tu, mum. Nitapanguza mimi."

Siku hizi Joash alikuwa hivyo, mpole wa kutia shaka. Alikuwa fundi wa stima, kazi zake nyingi kwenye majumba ya Lavington, na zamani akirudi jioni alikuwa mtu wa kula na kulala. Tangu mazishi alikuwa akipitia sokoni kumletea mkewe maparachichi, kisha anakaa kumtazama anavyokula. Kila parachichi lilimkwama Rachael kooni, kwa sababu alijua anashukuriwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Kazi yenyewe ilikuwa kulia.

Hapo pana kisa. Mwaka huo kulikuwa na mfululizo wa runinga ulioishika Nairobi nzima, ukiitwa Mzigo, na shujaa wake ni Ndaro. Usimfikirie yule shujaa wa kuruka angani na nguo za kubana. Ndaro alikuwa mwanamume wa koti refu la mvua, aliyeweza kukuwekea mkono begani akakuondolea maumivu yote, ya mwili na ya moyo. Ila maumivu hayo hayakupotea. Yalimwingia mtu mwingine aliye karibu nawe. Rachael alimpenda Ndaro kwa roho yake yote. Kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki yeye ndiye aliyekuwa wakili wake, na mchana, katika duka la sare za shule Biashara Street alikouza, aligombana na mwenzake Yvonne mpaka wazazi waliokuja kununua sweta wakawa wanachagua upande.

"Huyo Ndaro wenu ni muuaji amevaa koti," Yvonne alikuwa akimwambia. "Ameponya mtoto wa gavana, uchungu akamwekea mama mboga. Mama mboga akakufa. Hiyo ni hero gani?"

"Na ungekuwa wewe ndio mama ya huyo mtoto?"

"Zii, Rachael. Mimi ningekuwa mama mboga. Sisi wote hapa ni mama mboga."

Rachael alicheka. Wakati huo bado alikuwa na cheko.

Basi siku ya mazishi mvua ilikuwa ikinyesha, na wanawake wa ukoo walikuwa wamelizunguka kaburi. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na macho yote yalikuwa kwa Rachael, mke wa mwana wa pekee. Lakini macho yake yalikuwa makavu. Si kwamba alimchukia Mama Peres. Miezi ya mwisho mama huyo aliugulia kwao Jamhuri, katika chumba kidogo, na kila jioni aliita, "Rachael, mwanangu, nisaidie na maji." Rachael akajibu, "Nakuja, mama," na vidude vya simu viko masikioni, na hakuja mpaka Ndaro amalize mambo yake. Mama Peres hakulalamika hata siku moja. Ukimkosea mtu wa namna hiyo unaona haya hata kumlilia.

Akiwa pale kaburini, simu ikatetemeka chini ya leso. Akachungulia. Kundi lilikuwa linawaka moto: Ndaro ameuawa. Amechomwa kisu na Tausi, msichana ambaye Ndaro mwenyewe alimponya. Kuna aliyetuma kipande chenyewe, na Rachael akakitazama bila sauti, jeneza likishuka, na ghafla machozi yakamtoka kama bomba lililopasuka. Akapiga magoti matopeni. Akalia kwa sauti, mikono kichwani: "Ndaro! Ndaro wangu, umeniachia nani!"

Wanawake wakampokea, kilio kikatanda kilima kizima. Baadaye shangazi wa Joash akamuuliza polepole, Ndaro ni nani? Rachael, akipangusa kamasi, akasema, "Ni jina tulikuwa tunaitana na mama, tukiwa wawili tu." Joash alisikia. Akamkumbatia mkewe mbele za watu akalia kama mtoto. "Sikujua mlikuwa marafiki hivyo," akasema. "Sasa mama ameenda vizuri."

Ungedhani mtu akivuka aibu ya namna hiyo atanyamaza. Hapana. Mashabiki walikuwa wameanzisha kampeni ya kuwashinikiza watengenezaji wamfufue Ndaro, na Rachael akawa mstari wa mbele. Kila jioni alirekodi sauti kwenye simu akiwa ameketi sebuleni, akilia machozi ya kweli: "Mrudisheni! Ndaro, rudi!" Wengine wakamjibu kwa mamia, rudi, rudi. Wachache walisema Tausi alifanya vyema, na hao Rachael aliwatukana mpaka wakaondoka kundini.

Baada ya yale maji ya mlangoni ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya mpira uliolowa na udongo wa shimo, na ilitoka chumba kidogo, ambacho hakikuwa na mtu tangu Mama Peres. Kisha Jumapili moja, wamerudi kutoka kanisani, Joash akatoka tena kwenda kwa mchonga mawe wa Kangemi. Alikuwa ameagiza jiwe la kaburi. "Nimemwambia aandike Peres Kageha, halafu chini aandike Ndaro," alisema akifunga kamba za viatu. "Hilo jina lenu lisipotee." Rachael akamfungulia mlango.

Alibaki peke yake, jua la saa nane likiwa limejaa dirishani, nyimbo za injili zikitoka kwa jirani wa chini, na alikuwa ameshika kisu akimenya viazi na kuwaza lile jiwe, jinsi litakavyosimama miaka na miaka likimwita mama wa watu kwa jina la mtu wa kuigizwa, na uchungu ukamkaba kifuani, ndipo akasikia katika chumba kidogo mtu akikohoa, kikohozi cha polepole cha mtu aliyelala mchana, halafu kitanda kikalia, halafu ile sauti ya koti la mvua linapojikunja na kujikunjua, shwaa, shwaa, likija kwa ukumbi bila haraka, na tone la maji, na tone jingine, na harufu ile ikamfika kabla ya chochote, naye akataka kugeuka lakini shingo ikakataa, akabaki anatazama kiazi mkononi mpaka kitu kizito, baridi kama tope la asubuhi, kikatua begani mwake.

"Umeniita," sauti ikasema sikioni, kwa upole. "Nipe."

Na uchungu ukaondoka. Wote! Jiwe, leso, "nakuja, mama," vyote vikawa kama mambo ya mtu mwingine. Rachael akapumua akamaliza viazi, akavipika, na akala kwa hamu.

Joash alirudi jioni ameinamisha bega. "Sijui nini imenishika kwa njia," alisema. "Nimekuwa tu nikitaka kulia. Na huu mkono, angalia, hauinuki." Alijaribu kushika kijiko, kikaanguka.

Rachael alielewa papo hapo. Nani angeelewa kumshinda yeye, aliyejua kila sehemu ya Mzigo kwa moyo? Na tuseme ukweli wote: alielewa, lakini kile kitu kilipokuja tena hakukifukuza. Alikuwa na njaa ya usingizi kwa wiki nzima, na ule mkono baridi ulimpa usingizi. Kila ulipomgusa, Joash alishuka kidogo. Akaanza kukohoa. Mguu ukafuata mkono. Hospitali walimpima wakasema hawaoni kitu. Siku alipomwona mumewe akipanda ngazi kwa kujivuta, ameshika mfuko wa maparachichi kwa meno, ndipo Rachael alipomwendea Yvonne stoo ya duka akamweleza kila kitu, akinong'ona katikati ya maboksi ya sare.

Yvonne hakucheka. "Kuna jamaa wa kwetu, Nzuki," alisema. "Binamu ya mamangu. Ni mganga, ako na ofisi juu huko River Road. Twende lunch."

Nzuki alikuwa mwanamume wa suti na viatu vya kung'aa, na alimsikiliza Rachael ameshika kidevu. Kumbe naye ni shabiki. "Ile ya Tausi iliniuma," alisema. "Lakini hakuwa na njia ingine. Jamaa alikuwa amezoea sana kubebesha watu." Kisha akavuta kiti karibu na kushusha sauti. "Sikiza, dada. Hicho kiko kwako si Ndaro. Ndaro ni mwigizaji, saa hii ako kwake anakula chapo. Wewe ulisimama kwa kaburi wazi ukaita na machozi jina halina mwenyewe. Kuna vitu hukaa hapo, havina jina. Kimoja kimesikia kikasema, hilo ni langu. Kikachukua jina, na ile kazi ya jina pia."

"Kitatoka aje?"

"Kinakula ule uchungu unakataa. Mwambie bwana yako ukweli. Itauma vibaya, na kitakuja hapo hapo, kwa sababu kitasikia harufu ya chakula. Kikikuwekea mkono, sema: hapana, huu ni wangu. Hivyo tu. Ubebe mpaka uishe, kitaenda na njaa yake. Ukishindwa, mwili wa bwana yako hautakuwa na nafasi tena ya kubeba."

"Hakuna dawa?"

"Hata ulete mbuzi kumi."

Alimwambia Joash jioni hiyo hiyo, mezani, chakula kikiwa bado cha moto. Jiwe lilikuwa tayari, kesho lilikuwa linapakiwa kwenda Vihiga, kwa hiyo hakukuwa na siku nyingine. Alianza na jiwe, akarudi kwa kilio, na akafika mpaka kwa yale maji ya Mama Peres. Hakujipunguzia. Joash alimsikiliza, mkono wake mzima ukizungusha glasi.

"Ndaro ni mtu wa TV," alisema hatimaye.

"Ndio."

"Na mamangu alikuwa anaitisha maji."

"Joash..."

"Kumbe hakuna mtu alimlilia." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. "Mimi nilikuwa najua ako na wewe. Nikiwa huko kazini nilikuwa najua, mama ako sawa, ako na Rachael."

Akainuka kwa shida, akachukua koti lake msumarini, akatoka. Rachael alizisikia hatua zake kwenye ngazi, mguu mmoja ukitembea, mwingine ukiburutwa.

Basi ukaja. Uchungu ambao hajawahi kuujua, wa kumfanya ajishike tumbo na kuinama mpaka paji la uso likagusa meza, na kila alipofikiri umefika mwisho aliisikia tena ile sauti ya Mama Peres ikimwita mwanangu, mwanangu, bila kuchoka na bila kinyongo, na nyuma ya sauti hiyo, kutoka chumba kidogo, lile koti likaanza kuja, shwaa, shwaa, haraka kuliko siku zote, maji yakitiririka sakafuni mpaka yakamlowesha vidole vya miguu, na ile harufu ya shimo ikajaa nyumba yote, naye akajikumbusha kwa nguvu zake zote maneno yale, akayapanga mdomoni, hapana, huu ni wangu, hapana, huu ni wangu, na mkono ukatua.

"Mwanangu," kikasema. Sasa kilikuwa kimejifunza hata hilo. "Umechoka. Nipe."

Alijua Joash yuko wapi. Alimsikia kule chini akiongea na Mungai, mlinzi wa lango, akisema anataka tu kupunga hewa kidogo, atarudi. Atarudi! Neno moja tu lilihitajika, na Rachael alikuwa nalo kwenye ulimi, na muda alikuwa nao. Hakuna aliyemziba mdomo. Ila uchungu ulikuwa mwingi, na mkono ule ulikuwa baridi hivi, baridi ya kupendeza, naye akajiambia atakataa baada ya kupumua mara moja tu.

Akapumua.

"Mama Rachael!" Mungai alikuwa akipiga kelele kutoka chini. "Mama, kuja haraka! Mzee ameanguka! Woi, kuja, hapumui!"

Milango ya majirani ikafunguka, watu wakakimbia ngazini. Rachael aliinuka mezani, akashuka nao, akapiga magoti kando ya mumewe kwenye saruji ya lango. Akamshika shavu. Wanawake wa ploti walikuwa wamemzunguka, wameshika vitambaa vyao tayari, wakimngoja aanze ili nao waanze.

Alitafuta ndani yake, juu na chini, kitu chochote cha kumlilia Joash. Hapakuwa na kitu. Alikuwa mwepesi na mtulivu, na alisikia njaa kidogo.