Kalori Mia Tisa

Trrr, trrr. Saa ndogo nyeusi ilitetema juu ya stuli, na alfajiri ilikuwa bado. Fundi wa nguo aliivaa mkononi, akavaa soksi ili asimwamshe bibi yake, akaanza kutembea ukumbini: mlango wa jiko, mlango wa bafu, akageuka tena.

Bibi alikuwa macho. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili anazisikia hatua zile. Aliwasha taa yake, mwanga upite chini ya mlango, mjukuu asijikwae.

Saa ilikuwa zawadi ya mchumba wake, mwokaji mikate. Miezi minane nyuma, mchana wa watu wengi katika duka la mikate, kamba ya aproni ya mwokaji ilikatika mbele ya foleni nzima. Fundi alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake la buluu, akaishona palepale akiwa amesimama.

"Nikupe nini, dada?"

"Usinipe mkate wa jana, basi."

Watu walicheka. Tangu siku ile hajawahi kumpa mkate wa jana.

Siku aliyomvalisha saa, mwokaji alisema, "Nimeshakuwekea kila kitu, mpenzi. Wewe vaa tu." Kioo cha saa kikaonyesha lengo la kila siku: kuchoma kalori mia tisa. Simu ya fundi ni ya vibonye, kwa hiyo saa iliunganishwa na simu ya mwokaji. Fundi aliiona ile namba tu. Hakuuliza imetoka wapi. Alijitazama kwenye kioo kirefu cha wateja, akaona nyonga zake, akajijibu mwenyewe.

Kazi yake ni ya kukaa kwenye cherehani. Jioni ikifika, saa ilisema mia moja na themanini. Basi akaanza kutembea, kuruka kamba, na kuacha chakula cha mchana. Gauni lake la harusi alikuwa amelipunguza kiuno mara tatu.

Jumatano, siku mbili kabla ya kwenda kuandikisha ndoa, macho yaliingia giza akiwa anashona. Sindano ikapita kwenye kucha ya kidole. Damu ilidondoka kwenye kitambaa cheupe cha mteja, na simu ikalia.

"Fundi wangu! Leo umefikia lengo?"

Fundi alinyonya kidole chenye damu.

"Haloo? Umelala kazini?"

"Niambie kweli. Unataka mke, au unataka mti wa kutundikia nguo?"

"Sasa hayo yametoka wapi?"

"Kama mimi mnene, ungesema siku ile kwenye foleni. Ungesema kwa mdomo wako, si kwa saa."

"Mnene? Nani kasema..."

"Ijumaa usinifuate. Nenda ukaoe saa yako."

Alikata. Simu ililia mara sita, hakupokea.

Alhamisi mchana bibi alimpigia mwokaji mwenyewe.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyomtania, "mwenzako anazunguka ukumbini kama mlinzi, na chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Ulimwambia nini?"

"Bibi, naapa sikumwambia kitu."

"Basi njoo umwambie."

Alikuja mbio, unga bado kwenye nyusi, mkate wa moto umefungwa kitambaani. Fundi hakuinuka kitini.

"Nipe mkono," mwokaji alisema.

"Wenye saa?"

"Wenye kidonda."

Alikishika kile kidole muda mrefu. Kisha akafungua ukurasa wa saa kwenye simu yake, akasoma, na sauti ikawa inashuka. "Mwanaume. Kilo tisini na mbili. Kazi ya kusimama..." Akaishusha simu. "Huyu ni mimi."

"Vipi wewe?"

"Niliivaa wiki nzima kabla ya kukupa, nijue inavyofanya kazi. Lengo ni langu mimi, ninayekanda unga kutwa. Nikasahau kulifuta."

"Siku ishirini na mbili nimekuwa nachoma mwili wako?"

Bibi alikohoa ndani ya mtandio wake. Fundi hakucheka.

"Na uliponiona nakonda?"

"Niliona. Nikadhani ndivyo unavyopenda, nikaogopa kukuharibia raha. Nilipaswa kuuliza."

Fundi alitazama sakafu. "Hata mimi nilipaswa kuuliza," alisema polepole.

"Tuanze upya. Umri naujua. Uzito?"

"Geuka kwanza."

"Nigeuke, na simu ninayo mimi?"

"Basi ilete hapa."

Aliandika mwenyewe, akiificha kwa kiganja. Saa ikapendekeza mia tatu. Akafikiri, akaweka mia mbili na hamsini. "Nikiweza nitaongeza," alisema. Kisha akala vipande viwili vya mkate, na bibi akajifanya anatafuta miwani ili asimtazame.

Gauni lilitolewa kabatini. Mwokaji alishika mshono, fundi akakata uzi mmoja mmoja. Jua lilipozama walikuwa wamefumua upande wa kulia tu. Mlangoni mwokaji aliuliza kwa woga, "Na kesho, ofisini?"

"Siwezi kuolewa na gauni la upande mmoja. Waombe watupe Ijumaa ijayo."

"Na mimi je?"

Fundi alimpangusa unga kwenye nyusi kwa kidole kizima.

"Wewe uje tena kesho," alisema. "Upande wa kushoto bado."