Bi Haluma Apigiwa Kura

Raudha alirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi. Alivua viatu mlangoni asimwamshe mtoto. Lakini mtoto alikuwa macho zamani. Alikuwa amekaa mapajani mwa bibi yake, anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni na kujipaka mpaka masikioni.

"Umezalisha wangapi?" aliuliza Bi Haluma, mama mkwe wake.

"Watano, mama. Wawili pacha."

"Na mama zao?"

"Wazima wote."

"Alhamdulillahi. Kaa ule. Macho yako yamekuwa kama ya samaki wa juzi."

Nyumba hii ilikuwa na wakunga wawili. Raudha alikuwa na miaka sita kazini. Bi Haluma alikuwa na thelathini na minne. Ukienda naye sokoni hapo mjini Tatawin, hamfiki. Kila hatua mbili mtu anamsimamisha na kumwambia, "Bi Haluma, huyu ndiye yule uliyemtoa miguu mbele. Ona alivyo mrefu." Naye humkumbuka kila mmoja.

Bi Haluma ndiye aliyekianzisha Chama cha Wakunga. Alikuwa mwenyekiti wake kwa miaka kumi na miwili. Raudha alikuwa katibu.

Raudha alinawa mikono, akakaa. Hakula. Alitoa barua kwenye mkoba.

"Mbarka, yule mkunga wa mlimani, amenipa hii usiku," alisema. "Alileta mgonjwa kutoka mlimani."

"Isome. Miwani yangu iko ndani."

Raudha alisoma polepole. "Sisi wakunga kumi na saba wa zahanati za mlimani tunaomba uchaguzi wa mwaka huu uwe wa kura ya siri. Ukiwa tena wa kunyoosha mikono saa nne asubuhi, tutajitoa na kuanzisha chama chetu."

Bi Haluma alimweka mtoto chini.

"Kura ya siri," alisema. "Kwani mimi nimeiba nini?"

Raudha aliikunja barua. Aliogopa kugombana na mama mkwe wake, lakini aliogopa zaidi chama kuvunjika. Zahanati za mlimani zilikuwa na mkunga mmoja mmoja. Mkunga huyo alifanya kazi mchana na usiku, bila wa kumpokea. Idara ya afya ilikuwa imekubali kukaa na wakunga kulijadili jambo hilo, kwa sharti moja: itakaa na chama kimoja. Vikiwa viwili, haitakaa na chochote.

Tena Raudha aliukumbuka uchaguzi uliopita. Bi Haluma alisimama mbele, akauliza, "Kuna anayepinga?" Ukumbi ukawa kimya. Kati ya waliokaa pale, tisa walizaliwa mikononi mwa Bi Haluma. Wengine walizaa mikononi mwake. Utamnyooshea mkono vipi mtu aliyekukata kitovu? Na wengi hawakuwepo kabisa. Wa zamu ya mchana walikuwa wodini. Wa zamu ya usiku walikuwa wamelala. Wa mlimani walikuwa bado njiani. Watu ishirini walipiga makofi kwa niaba ya watu sitini. Raudha naye alipiga.

Mumewe, Naufel, aliingia na sanduku lake la vyombo. Yeye hutengeneza friji. Aliisoma barua, akacheka.

"Basi mama, na mimi nijitoe nianzishe nyumba yangu?"

"Jitoe. Utakula nini?"

Raudha aliona nafasi. "Mama, acha kura iwepo. Nitasimamia mwenyewe. Nitahesabu mimi, kwa haki."

Bi Haluma alifikiri. "Kama ni wewe unahesabu, nitatazama," alisema.

Siku ya Ijumaa, Bwana Lamjed alikuja kula kuskusi, kama kila Ijumaa. Alikuwa jirani yao, mjane, karani mstaafu wa mahakama. Walimu, wanasheria na wafamasia wote walikuwa wakimwita awapangie chaguzi zao. Raudha alimweleza habari ya barua.

"Na nani atasimamia?" aliuliza Bwana Lamjed.

"Mimi."

"Mgombea ni nani?"

"Mama."

Bwana Lamjed aliweka kijiko chini. "Basi wewe toka."

"Bwana Lamjed, mimi siwezi kuiba hata kura moja."

"Najua, binti. Mbarka atajuaje?"

Raudha alimpangusa mtoto mdomo.

"Kumpata mshindi ni rahisi," alisema Bwana Lamjed. "Kazi iko kwa aliyeshindwa. Lazima aende nyumbani akiamini kwamba ameshindwa kweli. Kwa hiyo anayehesabu asiwe mgombea, wala ndugu wa mgombea. Wala mkwe."

"Basi simamia wewe," alisema Naufel.

"Mimi ninayekula nyama yenu kila Ijumaa? Watu wa mlimani watacheka mpaka waanguke. Chagueni wakunga watatu wasiogombea. Mmoja wa hospitali, mmoja wa mlimani, mmoja mstaafu."

Bi Haluma aliacha kula. "Lamjed, unanifundisha chama nilichokianzisha mwenyewe?"

"Sikufundishi, Bi Haluma. Nauliza tu. Miaka kumi na miwili, wangapi wamekukataa?"

"Hata mmoja."

"Na wangapi walipata mahali pa kukukatalia?"

Bi Haluma alichukua bakuli la harisa. Alimwekea kijiko kizima cha pilipili ile juu ya kuskusi yake. "Kula," alisema. "Upunguze maneno."

Bwana Lamjed alikula. Alitoa machozi, akakohoa, akaomba maji. Mtoto alicheka sana. Bi Haluma hakucheka.

Zikapita siku mbili. Siku ya tatu, Raudha alikuwa akiosha vyombo. Bi Haluma alikuja kusimama kando yake na kitambaa cha kufutia.

"Mwambie Mbarka nimekubali," alisema. "Kura ya siri, pazia na yote."

"Mama, una hakika?"

"Sina. Lakini mwanamke akiogopa uchungu, huwa namwambia arudi nyumbani? Namwambia twende. Nipe hiyo sahani."

Kazi ikaanza. Raudha alitoka kwenye usimamizi, akabaki na kazi ya ukatibu. Aliandika orodha ya wanachama. Wiki mbili kabla ya uchaguzi, aliibandika ukutani hospitalini na kupeleka nakala kila zahanati. Bwana Lamjed alikuwa amemwambia kwamba orodha isahihishwe mapema, kwa sababu mlangoni siku ya kura makosa hugeuka ugomvi.

Makosa yalikuwepo. Wakunga wawili wapya hawakuandikwa. Mmoja aliandikwa mara mbili, kwa jina la baba na kwa jina la mume. Na Bi Salha, aliyefariki miaka mitatu nyuma, alikuwa bado mwanachama.

"Marehemu Salha naye alikuwa ananipigia makofi?" aliuliza Bi Haluma. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaiangalia ile orodha kwa muda mrefu.

Baada ya masahihisho, wanachama walikuwa sitini na mmoja. Wagombea walipewa tarehe ya mwisho ya kuleta majina kwa maandishi. Kwa kiti cha mwenyekiti yalikuja mawili: Haluma na Mbarka. Kamati ya watu watatu ilipanga kura siku ya Jumapili, tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa mpango huo, wa usiku wangepiga wakitoka kazini, na wa mchana wangepata nafasi kabla ya jioni.

Jumapili ilifika. Kura zilipigwa katika ukumbi wa shule. Bi Nefisa, mkunga aliyestaafu mapema, aliongoza kamati. Alilifungua sanduku mbele ya watu wote, akaligeuza juu chini na kuligonga kitako.

"Mmeona? Halina kitu."

Alilifunga kwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja akampa wakala wa Bi Haluma, mwingine wakala wa Mbarka. Pembeni walitundika shuka la kijani la hospitali kwenye kamba. Nyuma ya shuka kulikuwa na meza na kalamu.

Bi Haluma alikuwa wa kwanza kabisa kupiga kura. Kisha akavuta kiti, akakaa mlangoni. Kila aliyeingia alimkumbatia na kumuuliza habari za watoto, kama anavyofanya nyumbani kwake.

Bi Nefisa alimfuata. "Bi Haluma, umeshapiga kura. Sasa uondoke. Mgombea hakai mlangoni."

Waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama.

"Nefisa," alisema Bi Haluma, "mimi ndiye niliyekufundisha kushika mtoto."

"Ulinifundisha vizuri. Ndiyo maana sitetemeki."

Bi Haluma alimwangalia. Alinyanyuka polepole, akarudisha kiti mahali pake, akatoka.

Raudha alidhani amekwenda nyumbani kukasirika. Saa tano, wakunga wawili wa zamu ya mchana waliingia wakikimbia, aproni bado mwilini.

"Nani kawapokea wodini?" aliuliza Raudha.

"Mama mkwe wako. Amekuja, amevaa koti la kazi, ametuambia twende wawili wawili. Saa moja kila wawili."

"Amewaambia mumpigie nani?"

"Hata hakutaja. Ametuambia tusikawie, kuna mama ana uchungu, njia imefunguka sentimita sita."

Raudha alitazama wale wawili. Mmoja alikuwa rafiki mkubwa wa Mbarka, na mji mzima ulijua. Bi Haluma pia alijua. Alikuwa ameshika zamu ya mtu huyu ili aje kumnyima kura. Raudha aligeukia ukuta kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya shali.

Kisha ikawa zamu yake. Alionyesha kitambulisho, akasaini, akapewa karatasi mbili. Ya kijani ilikuwa ya wajumbe wanne wa halmashauri ya chama. Nyeupe ilikuwa ya mwenyekiti. Aliingia nyuma ya shuka.

Nyeupe ilikuwa na majina mawili tu. Mmoja alimlelea mwanawe kila alipokuwa kazini. Mwingine alilala na viatu miguuni, kwa sababu zahanati yake ilikuwa na mkunga mmoja tu. Raudha alisikia watu wakizungumza upande wa pili wa shuka. Hakuna aliyemwona. Alifikiri chama kinahitaji nini miaka mitatu ijayo. Aliweka alama moja, akakunja karatasi mara mbili, akatoka na kuitumbukiza.

Saa kumi na mbili jioni, mlango ulifungwa. Bi Haluma alirudi, nywele zimelowa jasho.

"Yule wa njia sita?" Bi Nefisa aliuliza.

"Msichana. Kilo tatu na nusu."

Waliopiga walikuwa sitini. Mmoja tu hakufika. Ndiye huyo mkunga mwenzao aliyejifungua msichana.

Walihesabu karatasi za kijani kwanza. Mji ulipata wajumbe wawili, mlima wawili. Kisha zikaja nyeupe. Bi Nefisa alinyanyua kila karatasi juu, akasoma jina kwa sauti, akawaonyesha mawakala. Mwenzake aliandika ubaoni. Karatasi moja haikuwa na alama. Ilikuwa imeandikwa, "Nawapenda wote wawili." Watu walicheka. Bi Nefisa aliiweka kando kuwa imeharibika.

"Mbarka, thelathini na mbili," alisoma mwishoni. "Haluma, ishirini na saba."

Mwanamke mmoja wa mjini alisimama. "Hiyo iliyoharibika ni ya Bi Haluma. Mwandiko naujua."

"Kaa, mwanangu," alisema Bi Haluma. "Hata ingekuwa yangu, hesabu gani hiyo? Bado nimeshindwa."

Alikwenda mbele. Alichukua muhuri wa chama kwenye mkoba wake, akaushika kidogo.

"Miaka kumi na miwili nilipigiwa makofi," alisema. "Sikujua yapi ni ya mapenzi na yapi ni ya kuona haya. Leo nina ishirini na saba, na zote nazijua kuwa ni kweli. Mbarka, njoo uchukue."

Mbarka alikuja. Aliupokea muhuri kwa mikono miwili. "Bi Haluma, siku ya kukaa na idara, utakuja na mimi?"

"Nitakuja. Wewe utasema. Mimi nitawakazia macho."

Kamati ilisaini matokeo, na mawakala wote wawili wakasaini. Wakunga kumi na saba wa mlimani waliandika majina yao kwamba wanabaki. Miezi miwili baadaye, idara ilikaa na chama kimoja. Zahanati za mlimani zikaanza kupata mkunga wa pili.

Lakini Jumapili ile hayo yalikuwa bado mbali. Usiku nyumbani, walikaa wanne kuzunguka sinia. Bi Haluma alikuwa amechoka. Alimlisha mtoto tonge moja moja.

Naufel hakuweza kuvumilia. "Na wewe, mke wangu," aliuliza, "uliweka alama wapi?"

Mkono wa Raudha ulisimama juu ya sinia. Alitazama chini.

"Naufel," alisema Bi Haluma, "mpe mtoto maji."

"Nauliza tu, mama."

"Hilo haliulizwi katika nyumba hii. Nimetoa kiti changu ili lile shuka litundikwe. Sitaki mwanangu alivute hapa kwenye sinia."

Naufel aliinuka kuleta maji. Bi Haluma alitafuta kipande cha nyama kilicho laini. Alikisogeza upande wa Raudha.

"Kula," alisema. "Una zamu."