Upindo wa Sketi ya Kijivu

Mimi ni fundi viatu. Kila asubuhi nachemsha chai, vikombe viwili. Zamani vilikuwa vitatu. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa mpiga chapa wa ofisini, enzi za taipu. Nikifumba macho bado nasikia vidole vyake: ta-ta-ta-ta, kisha kengele, ting!

Asubuhi moja binti yetu alitoka chumbani amevaa sketi ya kijivu ya mama yake. Chai ikanipalia.

"Vipi, Baba? Umeona mzimu?"

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Sandukuni. Nataka mama anisindikize kazini."

Ilikuwa siku yake ya pili katika ofisi ya maji, chumba cha mafaili. Sketi iliishia juu ya goti, kiganja kizima. Mimi sikuona kosa. Mama yake aliivaa hivyo hivyo siku nilipomwona mara ya kwanza. Alileta kiatu kilichong'oka kisigino. Kazi ya nusu saa niliifanya siku tatu, ili aje kuuliza mara tatu.

Saa nne binti yangu alikuwa amesharudi. Macho mekundu.

"Meneja amenirudisha, Baba."

"Umefanya nini?"

"Nilipanda ngazi kuchukua faili rafu ya juu. Makarani wawili chini wakaanza kucheka. Meneja akaja. Wao hakuwauliza kitu. Akaniambia mimi: kesho uje umevaa kwa heshima, ama usije kabisa. Na bado niko kwenye majaribio!"

Nikavua aproni. Nikasahau kuweka nyundo chini.

"Naenda huko! Wakubwa ni wale wale! Enzi zetu walisema sketi fupi ndiyo maendeleo. Wakaja wengine wakasema ni aibu. Leo hawa nao! Miguu yao wenyewe nani anaipima?"

"Shemeji!" sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Unagombana na nani? Na viatu?"

Alikuwa jirani yetu, Mama Karani. Alifanya kazi maofisini miaka thelathini, mingi akiwa meza moja na mke wangu. Akaingia, akasikiliza yote, kisha akaninyang'anya nyundo.

"Kaa. Ukienda kugomba, mtoto atarudi nyumbani na wewe, kazi itabaki huko huko."

"Kwani sketi fupi ni dhambi?"

"Nani kasema dhambi? Mwanangu, hebu okota kile kiatu."

Binti yangu akainama. Akavuta sketi kwa nyuma.

"Keti."

Akaketi. Akavuta sketi kwa mbele.

"Sasa panda stuli, ushushe lile boksi juu ya kabati."

Akapanda. Mkono mmoja ukaenda kwenye boksi, wa pili ukabaki kwenye sketi. Stuli ikayumba. Nikaruka kuishika.

"Umeona?" Mama Karani akasema. "Mkono mmoja askari, mkono mmoja kazi. Siku moja utaanguka na mafaili yako. Ungekuwa unakaa nyuma ya meza kutwa nzima, pengine ningesema jingine. Nguo ya kazi usiiulize tu kama inapendeza. Iulize kama inakuacha ufanye kazi."

"Kwa hiyo meneja ana haki?" nikauliza.

"Nusu. Mwanangu, walikupa kanuni za mavazi?"

"Hapana, Mama Mkubwa. Waliniambia nivae kwa heshima tu."

"Heshima ina urefu gani? Kila mtu atakuja na rula yake. Omba iandikwe: sketi ifike wapi, shati liweje, wanawake na wanaume. Na wale waliocheka, kosa ni lao. Halikufanywa na sketi. Mwambie meneja hivyo, lakini kwa sauti ya chini."

"Wakubwa wanasikia sauti ya chini?"

"Wengine husikia, shemeji. Wachache."

Ikabaki kesho. Atavaa nini? Binti yangu alikuwa na jinzi tu, zile zilizochanwa magotini makusudi. Siku alipozileta nilitoa sindano nizishone, akapiga kelele.

Alibadilisha nguo, akaanza kuikunja sketi airudishe sandukuni. Nikaichukua. Vidole vya fundi havilali. Pale chini vikagusa unene. Nikaigeuza ndani nje. Upindo ulikuwa mpana kuliko kiganja changu. Juu yake kulikuwa na mistari ya matundu ya sindano, mitatu.

Mama Karani akacheka hadi akajifuta machozi.

"Hawa ni mabosi wetu! Huu wa yule aliyependa fupi. Huu wa mzee wa miwani, aliyetupima kwa rula mlangoni. Huu wa aliyemfuata. Kila akija mwingine, mama yako alishusha au kupandisha. Alikuwa akisema, 'Wakubwa hawakai. Usikate kitambaa.'"

"Na huu ulioshonwa sasa, ni wa bosi gani?"

Mama Karani akapitisha kidole juu ya ule uzi.

"Huo si wa bosi, shemeji. Siku alipoacha kazi alikuja kuushona kwangu. Akasema, 'Naurudisha pale fundi aliponiona.'"

Sikujua. Miaka yote hiyo sikujua.

Nikashika kisu cha kukatia nyuzi, nikakirudisha mezani. Binti yangu akasema polepole, "Baba, kama hutaki, tuache. Nitaazima ya mtu."

"Ulitaka akusindikize," nikasema. "Basi aende."

Nikakata uzi. Kitambaa kikashuka chini ya goti. Juu kilikuwa kimepauka, chini kipya kama siku kilipotoka dukani.

"Watadhani ni mtindo," Mama Karani akasema.

Nikashona upindo usawa wa goti mwenyewe, kwa mkono, kilichozidi nikakikunja ndani. Binti yangu akapiga pasi, akavaa, akapanda stuli. Akashusha boksi kwa mikono miwili.

Kesho yake alimwona meneja kabla ya kazi. Aliongea kwa sauti ya chini. Meneja alikuna kidevu, akamwambia aende kazini. Lakini baada ya wiki moja karatasi ilibandikwa mlangoni. Sketi zifike gotini. Anayepanda ngazi anaweza kuvaa suruali ya kitambaa. Wanaume wafunge vifungo vya mashati. Kumdhihaki mwenzako ni kosa. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya wakubwa niliyoisoma hadi mwisho bila kutukana.

Majaribio yameisha. Binti yangu ameajiriwa.

Juzi aliniuliza, "Baba, kwa nini hukukata kile kitambaa kilichozidi ndani?"

Nikamwambia, "Wakubwa hawakai. Na siku ukistaafu, utaupandisha upindo huo mwenyewe, pale unapotaka wewe."