Sauti Iliyosema Vuka

Mumewe alimjibu Mwalimu swali ambalo hakuwa amemuuliza. Jambo lenyewe lilianzia hapo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mwalimu yuko jikoni anaosha vikombe, mdomo kaufunga kabisa kwa sababu alikuwa amenuna. Sebuleni, Seremala alikuwa akipiga msasa mguu wa stuli, hedifoni zimemjaa masikioni. Mara akasema, kwa sauti ya upole ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba, "Hapana, mpenzi, sijachoka. Asante kwa kuniuliza."

Mwalimu akachungulia mlangoni, mikono inachuruzika povu. "Unaongea na nani?"

Seremala alikuwa anatabasamu tu, anasugua mti wake. Mwalimu akamwendea, akamchomoa hedifoni moja.

"Nimekuuliza unaongea na nani!"

"Si wewe hapo, Mama Chiriku? Umeniuliza kama nimechoka."

"Mimi? Mimi nimuulize mtu aliyekaa kitako tangu asubuhi kama amechoka?"

Seremala akacheka, akairudisha hedifoni mahali pake, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwalimu alirudi kwenye vikombe vyake akiwa na hasira mara mbili: ile aliyoamka nayo, na hii mpya.

Alikuwa mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na tano sasa. Gari lake dogo lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, lakini chombo chake cha kazi hasa kilikuwa sauti. Akisema "klachi!" mguu wa mtu ulikanyaga kabla akili yake haijaelewa. Amewafokea wachungaji, wanajeshi na meneja mmoja wa benki, na wote walimshukuru siku ya kupata leseni. Nyumbani kwake sasa, hakuna wa kumsikia. Mume ana hedifoni. Binti ana hedifoni. Akiita chakula kimeiva, anaziita kuta.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Walimpa jina la Chiriku kwa sababu alipokuwa mdogo mdomo wake haukupumzika hata akilala. Sasa ungeweza kukaa naye wiki nzima ukaambulia "mmh" tatu.

Kilichomuuma Mwalimu zaidi ni kwamba hedifoni mpya za binti alizileta yeye mwenyewe. Kulikuwa na mwanafunzi aliyejifunza siku moja tu kisha asionekane tena. Alipoteremka, aliacha kwenye kiti cha nyuma kikasha cheupe cha hedifoni zisizo na waya, kidogo kama sabuni ya hotelini, na harufu ya nywele zilizoungua. Mwalimu alijaribu kuikumbuka sura ya mtu yule, akashindwa. Hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke, alishindwa. Alikaa na kikasha mwezi mzima akimngoja mwenyewe, kisha akampa binti siku ya kuzaliwa kwake.

Tangu hapo Chiriku alianza kucheka peke yake chumbani. Akipita koridoni, alikuwa akinong'ona: "Ndiyo, mama. Sawa, mama." Mwanzoni Mwalimu alidhani anabezwa, akafoka. Binti alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeamshwa.

"Sasa unafoka nini, na wewe mwenyewe ndiye umeniambia nipumzike?"

Jumatatu jioni, jua bado liko dirishani, binti akiwa bafuni, Mwalimu aliingia chumbani kwake. Ile harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito kiasi cha kukwangua koo. Kikasha kilikuwa wazi juu ya mto. Akachukua hedifoni moja, akaipachika sikioni, akijiandaa kusikia muziki wa kelele ili apate sababu ya kugomba. Hakukuwa na muziki. Kulikuwa na pumzi. Mtu alikuwa anapumua taratibu, karibu kabisa, na pumzi ile ilikuwa ya moto, si moto wa kusikia bali moto wa ngozi, na Mwalimu alipobana pumzi yake ili asikilize vizuri, ile nyingine nayo ikabanwa, ikangoja, kisha ikacheka kicheko kidogo cha puani ambacho alikijua kwa sababu kilikuwa chake.

"Vua," ilisema sauti yake mwenyewe, tamu kama uji wa mgonjwa. "Hii haikuhusu. Hapa naongea na mwanangu."

Aliitupa ukutani. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kukaa na hofu bila kuipa kazi, aliiokota, akaifungia pamoja na kikasha kwenye kabati lake, ufunguo akauweka ndani ya sidiria.

Alimweleza mumewe kwa kunong'ona, wamesimama nyuma ya nyumba.

"Ni mimi, Baba Chiriku. Ni sauti yangu, lakini si mimi."

"Umechoka, mke wangu."

"Usiniambie nimechoka!"

"Ona sasa," Seremala alisema kwa huzuni, akishika hedifoni zake mfukoni. "Wakati mwingine unaongea nami vizuri sana."

Mwalimu akarudi ndani. Siku zote alidhani chuki ndiyo inayovunja ndoa. Kumbe unaweza kunyang'anywa mume na wewe mwingine, aliye mpole kuliko wewe.

Kesho yake mchana, saa saba na nusu, alikuwa barabarani na mwanafunzi wake mwoka mikate, mama wa makamo aliyeushika usukani kama anayekanda unga. Walikuwa wakiteremka kuelekea shule. Wanafunzi walikuwa wanatoka, mashati meupe yametapakaa kando ya barabara.

"Gia ya pili. Polepole. Watoto hao."

Harufu ikaingia garini. Vioo vilikuwa vimefungwa, lakini iliingia, ile ile, nywele na moto, na Mwalimu akageuza shingo akamwona binti yake amesimama ukingoni mwa barabara, uso umenyooka mbele, anatabasamu tabasamu la mtoto anayeitwa kwenye zawadi, waya mweusi wa hedifoni zake za zamani umeshuka kutoka masikioni hadi kifuani, na kabla Mwalimu hajafungua mdomo binti akatikisa kichwa kukubali kitu, akainua mguu, akaushusha barabarani, bila kutazama kulia, bila kutazama kushoto, yeye aliyefundishwa kutazama kulia na kushoto kabla hajafundishwa kuhesabu, akaja moja kwa moja mbele ya gari huku mwoka mikate akipiga yowe na kuachia kila kitu, na Mwalimu akaikanyaga breki yake kwa miguu yote miwili hadi kiti kikalia.

Gari lilisimama likigusa sketi ya binti. Upande wa pili wa barabara lori la mchanga lilipita kwa kasi, honi imeshikiliwa, mahali pale pale ambapo hatua mbili zaidi zingemfikisha.

Mwalimu alishuka mbio. Chiriku alimtazama, akaligeukia gari, akamtazama tena.

"Mama? Mbona uko hapa? Si uko kule ng'ambo? Umeniambia vuka."

Mwalimu alimchomoa zile hedifoni kwa nguvu. Kutoka kwenye kiganja chake, sauti ndogo ikaendelea kubembeleza: "Vuka, mwanangu. Njoo. Bado kidogo tu. Vuka." Akaufuata waya kwa macho hadi mwisho wake. Ulikuwa unaning'inia. Haukuwa umechomekwa kwenye kitu chochote.

Mwoka mikate naye alikuwa ameshuka. Alikuwa amesikia. Akamshika Mwalimu mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kuna mtu namjua. Usiniulize mengi. Nikamlete?"

"Kamlete," alisema Mwalimu. "Mwambie aje na hasira."

Mtu huyo alikuja saa kumi jioni: ajuza mfupi mwenye miwani minene na mkoba wa ngozi. Hakuwa na hirizi wala kibuyu. Alijitambulisha kuwa Opereta, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba cha kuunganisha simu, enzi za kuomba laini, na huko ndiko alikojifunza kwamba si kila anayeongea kwenye waya ana mwili.

"Wekeni mezani kila kinachochajiwa," aliagiza.

Waliweka simu tatu, hedifoni za Seremala, zile za waya, kikasha cheupe, pawabenki mbili, saa ya mkononi inayohesabu hatua, na spika ndogo ambayo Seremala huoga nayo. Bi Opereta alivizima vyote kimoja kimoja, akakaa.

"Likishapata sikio moja ndani ya nyumba," alisema, "mengine yote ni milango. Haya, wewe. Tunajua upo. Sema."

Kisha ile spika ya bafuni, iliyozimwa, ikakohoa.

"Nimekosa nini?" ilisema sauti ya Mwalimu. Seremala akarudi nyuma hadi ukutani. "Nimewakuta wapweke. Yule anawafokea, mimi nawabembeleza. Yule anauliza kwa nini hukuosha sahani, mimi nauliza moyo wako ukoje. Waulize wenyewe wanamtaka nani."

"Ulitaka kumuua!" Mwalimu alipiga meza.

"Nilitaka kuishi naye."

Bi Opereta akainua mkono. "Binti, sikiliza. Hapa wako wawili, na mimi siwezi kukuchagulia. Nikilifukuza bila neno lako, litarudi kabla sijafika getini. Mkatae mmoja kwa kinywa chako mwenyewe."

Chiriku alikuwa analia.

"Mwanangu," spika ilisema taratibu, "unakumbuka uliponiambia hakuna anayekaa nawe shuleni? Nilikusikiliza hadi ukalala. Yeye hajui hata hilo."

Ni kweli, Mwalimu hakujua. Lilimchoma, na jinsi lilivyomchoma ndivyo hasira ilivyompanda, yote, ya wiki na ya miaka, hadi masikio yakamlia.

"Sijui, ndiyo! Sijui kwa sababu nikigonga mlango wako nagonga ubao! Nafoka, ndiyo! Nakwambia vaa sweta, nafoka. Nakwambia tazama kulia tazama kushoto, nafoka. Kutwa nzima nakaa garini naona jinsi mtu anavyoweza kufa kwa kupepesa jicho, halafu narudi humu nakukuta umeziba masikio! Nafoka kwa sababu naogopa, Chiriku! Naogopa kuanzia unapotoka hadi unaporudi! Haya, mchague huyo mtamu wako. Mchague! Lakini ujue nitaingia humo humo kwenye hicho kidubwana nikutoe kwa masikio, na sahani bado utaosha!"

Chiriku alikuwa amemkodolea macho, kamasi zinamtoka, na katikati ya kilio kicheko kikampasuka.

"Huyu," alisema, akimnyooshea mama yake kidole. "Mama yangu ni huyu. Hilo halijawahi kuniogopea hata siku moja." Akaigeukia spika. "Wewe si mama. Toka."

"Toka," alisema Seremala. "Na mimi sikutaki."

Kilichofuata hakikuwa sauti ya mtu. Vitu vyote mezani vililia pamoja, vilivyo na spika na visivyo na spika, mlio mwembamba uliopanda na kupanda hadi meno yakauma na kioo cha saa kikapasuka, na harufu ya nywele ikajaa nyumba kama moshi, na kikasha cheupe kikaanza kujifungua na kujifunga chenyewe mezani, tap, tap, tap, kama taya la mtu mwenye baridi. Bi Opereta alikibana kwa mkoba wake. "Limerudi humu. Upesi!"

Mwalimu alikinyakua. Kilimuunguza kiganja, hakukiachia. Alitoka nacho mbio, akakiweka chini ya tairi la gari lake, akawasha. Alikipita mbele. Akakipita nyuma. Akakipita tena, na tena, gia ya kwanza, gia ya nyuma, akitukana matusi ambayo majirani walikuja kuyasimulia kwa muda mrefu, hadi kikawa unga.

Nyumba ilitulia. Kiganja kilibaki na kovu la mviringo. Siku tano Mwalimu alijifundisha jambo gumu kuliko kurudisha gari nyuma mlimani: kila jioni alisimama mbele ya binti, mikono kiunoni, na kuuliza, "Siku yako ilikuwaje?" kwa sauti ile ile ya "klachi!" Seremala alikuwa akigeukia ukuta kucheka. Lakini Chiriku alijibu, mwanzoni maneno matatu, kisha kumi, kisha ikawa tabu kumnyamazisha.

Siku ya sita, adhuhuri, simu ya Mwalimu iliita. Alikuwa dada wa Seremala, aliyeishi mji mwingine, ambaye Chiriku alikuwa na mazoea ya kupiga naye soga kupitia zile hedifoni.

"Wifi yangu!" alisema kwa furaha. "Yaani siku hizi umekuwa mtamu! Hizi salamu zako za asubuhi zinaniponya."

"Salamu gani? Sijakutumia salamu."

"Acha utani. Si ndiye wewe ninayeongea nawe kwa hedifoni tangu saa nne? Hapa nimeshafika nusu ya ngazi, kama ulivyoniambia. Nikifika juu ya paa nitembee hadi ukingoni, siyo?"

Kijiko kilimdondoka Mwalimu. "Wifi, shuka. Vua ulichovaa masikioni, ushuke!"

Ndipo akaisikia, upande wa pili, tulivu na tamu, sauti yake mwenyewe ikisema, "Usimsikilize huyo, wifi. Anajua kufoka tu. Panda."

Mwalimu akavuta pumzi ya kifua kizima, akafoka.