Mbwa Anayegeuza Kichwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsindikiza babu yake shambani. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, lakini tangu alipoanza kusema hakuwahi kunyamaza, na jina la yule ndege mdogo mwenye kelele likamganda mpaka darasa la sita. Babu alishika mkongojo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akauweka begani kwa mjukuu wake huyo wa kike. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Mengine yote aliyapata kwa Chiriku.

"Haya, leo kuna nini?" babu aliuliza walipofika kwenye mfereji wa maji uliopita kando ya njia.

"Maji ni mengi, babu. Kuna ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja. Na mahindi yetu yamempita baba kwa urefu!"

"Jana yalikuwa kiunoni. Usiku yamekula nini?"

Chiriku akacheka. "Basi yanamfika kifuani."

"Unatia chumvi, mchumba wangu. Na mimi chumvi daktari amenikataza."

Kwa kweli shamba lilikuwa na hali mbaya. Ndezi, wale panya wakubwa wanaoishi kwenye nyasi, walitafuna mahindi shinani yakaanguka mstari mzima. Sungura nao walimaliza majani ya kunde. Zamani babu alikuwa mwindaji, na mnyama wa kumtania namna hiyo hakuwepo. Lakini mbwa wake wa mwisho alikufa mwaka uleule aliofariki bibi, na macho nayo yakaanza kumwacha.

Jumapili moja shangazi alikuja kutoka mjini. Hata chai hakuimaliza. Alikuwa ameona mchubuko kwenye goti la babu.

"Baba, umeanguka tena. Huyu mtoto yuko shule mchana kutwa. Kaka yuko juu ya majukwaa anajenga nyumba za watu, na wifi yuko hospitali anafua mashuka. Siku ukianguka vibaya huko shambani, nani atakuokota? Twende kwangu."

"Kwako ghorofani? Nikafanye nini, nisikilize friji ikinguruma?"

Baba yake Chiriku, ambaye alikuwa fundi mwashi na mtu wa maneno machache, alikohoa kidogo. "Labda tumtafutie mbwa," alisema.

Babu akainua uso. "Hapo umenena. Mbwa wa kuongozana naye. Na ajue kuwinda, maana wale ndezi sasa wananidharau."

Shangazi alimtazama baba yake kwa muda. "Sawa. Mbwa. Lakini ukianguka tena, baba, sitaomba ruhusa kwa mtu. Nakuja na gari."

Chiriku alimsogelea babu. Nyumba isiyo na babu hakuwahi hata kuifikiria.

Fundi baiskeli wa pale njia panda alikuwa na mbwa aliyezaa, na watoto walikuwa wameshaacha kunyonya. Babu alimwita Chiriku, akampa mkongojo wake na ngozi kavu ya sungura iliyofungwa kamba.

"Mbwa wa kuwinda tu ni rahisi kumpata," alisema. "Mbwa wa kukaa na mtu tu, rahisi pia. Kazi ni kumpata anayeweza yote mawili. Sikiliza. Kwanza buruta mkongojo mbele yao. Anayetimka akajificha hatufai, atanikimbia na mimi. Halafu vuta ngozi hii kwenye vumbi. Anayeifuata kwa pua, huyo ana uwindaji ndani yake. Sasa hili ndilo kubwa: akiwa amekolea kabisa kwenye ngozi, mwite. Akigeuza kichwa, mlete nyumbani. Asipogeuza, mwache, hata kama anapaa."

"Kwa nini, babu?"

"Kwa sababu kamba yake nitaifunga mkononi mwangu. Ningekwenda mwenyewe, lakini kichwa kikigeuka nitakionaje? Ndiyo maana naazima macho yako."

Kibanda cha fundi kilinuka gundi na raba. Magurudumu yalining'inia darini, na chini ya benchi watoto wa mbwa walikuwa wamelaliana kama nguo zilizotupwa. Mvulana mmoja wa darasani kwao, aliyeitwa Kibonge, alikuwa ameketi juu ya tairi akisubiri baiskeli yake izibwe pancha. Baba yake aliuza mkaa, na mbwa wao aliogopwa mtaa mzima.

"Umekuja kuchukua mbwa wa babu?" aliuliza Kibonge. "Atawinda nini, mende?"

"Utaona," alijibu Chiriku. Tayari alikuwa ameshatangaza darasani kwamba mbwa wao angekuwa mkali kuliko wa kina Kibonge.

Aliburuta mkongojo. Wawili wakatimka nyuma ya ndoo. Wawili wakabaki: dume jeusi, pana kifua, na jike dogo la kahawia lenye sikio moja lililolala. Alivuta ngozi. Yule jike aliinamisha pua akaifuata polepole, kila kona, bila kukosea. Dume jeusi halikuwa na subira hiyo. Lilimpiga kikumbo, likairukia ngozi, likaikamata na kuitikisa mpaka manyoya yakaruka.

"Aisee!" Kibonge alisimama. "Huyo sasa ni mbwa!"

"Huyo mweusi ni moto wa kuotea mbali," fundi alisema, mikono ikiwa imejaa grisi.

Chiriku akaita. "Njoo! Njoo hapa!"

Jike la kahawia liligeuza kichwa papo hapo. Likaiacha harufu ya ngozi, likaja, likakaa juu ya mguu wake. Dume jeusi halikugeuka. Aliita tena, akapiga makofi. Lilinguruma tu, meno yakiwa ndani ya ngozi.

"Chukua hako kenye sikio la kulala," Kibonge alisema kwa kicheko. "Kataenda na babu yako polepole, wote wazee."

Uso ulimchoma Chiriku. Aliutoa mguu wake taratibu chini ya yule jike. Kisha akamnyanyua yule mweusi.

Nyumbani babu alimpapasa mbwa kuanzia puani hadi mkiani, akapima miguu na kifua. "Mifupa mizuri. Mkongojo aliuogopa?"

"Hapana, babu."

"Ngozi je?"

"Aliirukia vibaya sana!"

"Na ulipomwita, aligeuka?"

Mkono wa babu ulikuwa umetulia juu ya kichwa cha mbwa, ukingoja.

"Aligeuka, babu," Chiriku alisema.

Walimpa jina la Radi. Alipokua, ndezi walipungua, na kunde zikaota tena majani. Watu walisimama njiani kumtazama, na Kibonge mwenyewe alikoma kumtaja mbwa wao. Babu alitembea na kamba imezungushwa kwenye kifundo cha mkono, uso juu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Sasa alikwenda shambani hata mchana, wakati Chiriku yuko shule.

Jambo moja tu halikubadilika. Nyumbani, sufuria ikigongwa, Radi alikuja mbio. Shambani akishanusa mnyama, hakusikia la mtu. Jumamosi Chiriku alikwenda naye kichakani akamwita mpaka koo likakauka, na Radi hakugeuka hata mara moja.

"Vipi, amesikia?" babu aliuliza kutoka upande wa pili wa shamba.

"Anakuja, babu!" Chiriku alijibu. Na kweli alikuja, alipomaliza shughuli zake. Mara nyingi Chiriku alitaka kusema. Lakini kila siku iliyopita, maneno yalizidi kuwa mazito, akayaacha.

Siku moja alirudi kutoka shule pamoja na Kibonge. Radi alikuwa amelala kizingitini. Mbele yake alikuwa ameweka sungura mkubwa, na mkia wake ulipiga sakafu kwa furaha.

"Huyu mbwa wenu ni kiboko," Kibonge alisema.

Chiriku alitabasamu. Aliinama kumsifu, mkono ukagusa kamba. Ilikuwa imelowa, imejaa tope. Kitanzi ambacho babu alikivaa mkononi kilikuwa bado kimefungwa.

"Babu!" aliita ndani. Nyumba haikujibu.

Walimkuta kwenye mfereji. Alikuwa amelala upande, nusu mwili ndani ya maji, ameshika nyasi za ukingoni. Mkongojo ulikuwa juu njiani, mzima. Alipowasikia alifungua midomo, lakini sauti ilitoka kama karatasi inayokwaruzwa. Kibonge alikimbia kumwita fundi baiskeli, akaja na mkokoteni. Mama alikuwa akipita na kapu la mashuka kwenye ukumbi wa hospitali alipomwona baba mkwe wake akiingizwa. Kapu likamwanguka.

Daktari alisema mfupa wa nyonga umevunjika. Ungeunga, lakini babu asingetembea tena bila mtu wa kumshika.

Chiriku alikaa kando ya kitanda siku nzima bila kusema neno, mpaka mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

"Sungura alikatiza mbele yetu," babu alisema taratibu. "Radi akaondoka na mimi nyuma yake. Nikamwita. Nilipoangukia majini nikaendelea kumwita. Nilijiuliza, mbona hageuki, na yeye ni mbwa anayegeuka? Nikasema labda ni mimi. Uzee umeshachukua macho, sasa umechukua na sauti."

Chiriku alishindwa kuvumilia. "Hakugeuka, babu. Siku ile kwa fundi hakugeuka. Nilikudanganya."

 Nje ya mlango mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia, mpaka kilio kikapotea.

"Na wengine?" babu aliuliza mwishowe.

"Alikuwepo wa kahawia. Yeye aligeuka. Akaja akanikalia mguuni."

"Alifuata ngozi?"

"Aliifuata vizuri."

Babu alifumba macho, kana kwamba yule mbwa alikuwa amepita mbele yake. "Kwa hiyo alikuwepo," alisema.

"Nisamehe, babu."

"Nitakusamehe. Wewe ni damu yangu, nitakwenda wapi? Lakini nisikilize. Mimi nilitembea nikiegemea vitu viwili, mkongojo na maneno yako. Mkongojo haukuvunjika."

Hakumkaripia. Chiriku alitamani angemkaripia.

Baba alimpeleka Radi kwa mlinzi wa ghala la nafaka, penye ukuta mrefu na panya wa kutosha. Alipokuwa akifungua kamba alimwambia binti yake, "Huyu hakukosa kitu. Alifanya alichozaliwa nacho. Sisi ndio tuliompa kazi isiyo yake." Jike la kahawia lilikuwa limechukuliwa na mama mmoja muuza mboga. Chiriku aliliona sokoni likimfukuza panya katikati ya magunia. Yule mama alisema "We!" mara moja tu, bila hata kupaza sauti. Jike likasimama, likageuza kichwa. Chiriku aliondoka bila kununua alichotumwa.

Shangazi alikuja na gari, kama alivyosema. Babu aliwekwa kiti cha nyuma na mito pande zote. Chiriku alisimama dirishani, akingoja swali lake la kila asubuhi. Babu akageukia mbele.

"Nje kuna nini?" akamwuliza shangazi.

"Kuna jua zuri, baba," shangazi alijibu, akawasha gari.

Likizo ilipofika, Chiriku alipelekwa mjini kumtazama. Babu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha la chumba kidogo, na friji ilinguruma jikoni. Walisalimiana. Chiriku, ambaye siku hizo alisema kidogo mpaka hata shuleni hawakumwita tena kwa jina lile la ndege, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani.

Baada ya muda mrefu babu alisema, "Nje kuna nini?"

Chiriku aliinuka. Hakujibu haraka. Alisimama dirishani akatazama vizuri, juu na chini.

"Kuna ukuta, babu," alisema. "Wa kijivu. Na kamba ya kuanikia, haina nguo."

"Basi?"

"Basi. Mti hakuna."

Babu alivuta pumzi. "Shangazi yako huniambia kuna bustani. Ananihurumia, najua. Lakini ukiniambia kuna ukuta, nitajua pa kuukwepea. Bustani isiyokuwepo nitaikanyaga wapi? Mtu akikuuliza unachokiona, mjukuu wangu, mpe hichohicho. Hata kikiwa kibaya. Hata kama watu wanakucheka."

"Ndiyo, babu."

Babu aliunyoosha mkono, ukatafuta hewani kidogo, ukaliona bega la mjukuu wake.

"Haya," alisema. "Huo ukuta una nyufa?"

Chiriku akasogea karibu na kioo, akaanza kuangalia.