Bafta ya Makanda Thelathini

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mwaija alikaa kibarazani kwao, kijijini Zinga, akichana miaa ya ukindu, na mama yake, Bi Zuleha, akisuka makanda ya kutilia mpunga. Hiyo ilikuwa miaka ya 1880, misafara ya pembe ikishuka Bagamoyo kutoka bara. Mwaija alikuwa na miaka kumi na miwili, na mikono yake haikujua kukaa bure.

Mwaka ule mama alikuwa amepatana na Bi Mwanaharusi, mwenye mashamba ya mpunga aliyekaa Bagamoyo mjini. Alitakiwa asuke makanda thelathini, yawe tayari mwezi wa Shaabani ukiandama. Arubuni, malipo ya kutangulia, ilikuwa nusu gora ya bafta, kitambaa cheupe cha pamba. Mama aliikunja, akaiweka sandukuni.

"Hii hatuigusi mpaka kazi iishe," alisema.

Ndui ikaingia kijijini. Jamani, ugonjwa ule! Wazee walifunga njia kwa matawi, asiingie mtu, asitoke mtu. Ila kila Ijumaa watu wa mjini, wakiwemo wa Bi Mwanaharusi, walileta unga na chumvi, wakaviacha kwenye matawi, wakapokea salamu kwa mbali. Mama alikuwa amemaliza makanda kumi na manane alipougua. Siku ya tisa akafariki.

Kijiji kizima hakikuwa na nguo nyeupe iliyobaki. Shangazi Dija, aliyekuwa akimuuguza, alifungua sanduku, akaitoa ile bafta, akamkatia wifi yake sanda huku akilia.

"Na makanda ya watu, shangazi?" Mwaija aliuliza baada ya maziko.

"Nyamaza, mwanangu. Nani atamdai yatima? Watasikia wenyewe."

Mwaija akanyamaza. Ijumaa zikapita, Shaabani ikaandama, matawi yakaondolewa njiani, naye bado kimya. Lakini kila alipoyaona yale makanda ukutani, moyo ulimuuma. Siku moja alishindwa kuvumilia. Aliyafunga mzigo, akajitwika, akashika njia ya Bagamoyo. Shangazi alimfuata nyuma akinung'unika.

Uani kwa Bi Mwanaharusi kulikuwa na lundo la mpunga ulioota, unanuka uvundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako siku hizi amekuwa mkubwa, njia imefunguliwa na hata haji mwenyewe? Tazama! Nimemngoja weee, mpaka mvua imenikuta mpunga uko chini!"

Mwaija alitua mzigo. "Mama hayupo, bibi. Ndui imemchukua. Na bafta yako... tulimkatia sanda."

Bi Mwanaharusi alikaa palepale chini. "Inna lillahi! Zuleha?" Akalia, na wanawake waliokuwa pale uani wakalia naye. Alipofuta machozi, aliyahesabu makanda polepole.

"Haya kumi na manane yanatosha kwa bafta. Yale kumi na mawili mama yako hakukataa kuyasuka, mauti ndiyo yaliyomzuia. Siyadai kwako wala kwa mtu yeyote." Kisha aliutazama mpunga wake. "Lakini Ijumaa zote zile watu wangu walifika kwenye matawi. Neno moja tu lingetosha, ningeagiza makanda kwa wasusi wa Kaole. Ndui si kosa lenu. Kosa lenu ni kunyamaza. Ukipatana na mtu, kisha likakupata jambo usiloweza kulizuia, mpe habari mapema, naye ajue la kufanya. Udhuru unaofichwa humuumiza asiye na hatia."

"Kosa ni langu mimi mtu mzima," alisema shangazi, kichwa ameinamisha.

"Nimekusameheni. Mwaija, utanisukia matano, kwa nafasi yako? Ukikwama, niletee habari siku ileile."

"Nitasuka, bibi. Na habari nitaleta."

Bi Mwanaharusi aliingia ndani, akatoka na arubuni mkononi, kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Mwaija alirudi nyuma hatua moja, kama aliyeiona tena sanda ya mama yake.

"Nipe miaa tu, bibi," alisema. "Bafta sitaki."